Ukipunguzwa Kazi Kigoma: Milango ya Msaada Ipo, Lakini Kila Mlango Una Muda Wake

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

Kwa takribani miaka 30, ajira za mshahara katika wilaya za Kasulu, Kibondo na Kakonko zimefungamana kwa kiasi kikubwa na shughuli za kuhudumia wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 ili kupokea watu waliokimbia vita mashariki mwa Kongo. Machafuko ya kisiasa ya Burundi ya mwaka 2015 yakasababisha kufunguliwa tena kwa kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, na baadaye Mtendeli, wilayani Kakonko. Kila kambi ilihitaji madereva, walinzi, wauguzi, watunza ghala, mafundi bomba, wakalimani, wahasibu na maafisa ustawi wa jamii. Wengi wao walikuwa Watanzania, na kipato chao kilifika katika maduka, nyumba za kupanga na ada za shule kuanzia Kibondo mjini hadi Mwanga na Ujiji.

Hali hiyo imekuwa ikibadilika hatua kwa hatua. Urejeshaji wa hiari wa wakimbizi wa Burundi ulianza Septemba 2017. Kambi ya Mtendeli ilifungwa Desemba 2021, na wakazi wake wakahamishiwa Nduta. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai 1, 2025 shirika lake la misaada, USAID, likaacha kutekeleza miradi. Juni mwaka huohuo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitangaza kupunguza nafasi za kazi takribani 3,500 duniani kote. Uamuzi uliofanyika Washington na Geneva ulifika Kibondo ukiwa barua ya kusitishiwa mkataba.

Mtu anayepokea barua ya aina hiyo huwa na maswali mawili. La kwanza ni atakula nini mwezi ujao. La pili ni atafanya kazi gani ikiwa kazi aliyoizoea haitarudi. Makala haya yanachambua nyenzo ambazo sheria na taasisi za umma zimeweka kwa ajili ya maswali hayo. Nyenzo hizo zipo, ila zimetawanyika katika ofisi tofauti na kila moja ina masharti na ukomo wake wa muda. Mfanyakazi anayezijua kwa mpangilio hunufaika, na asiyezijua huweza kupoteza haki yake kabla hajaanza hata kutafuta kazi nyingine.

Haki inayoanza kabla ya siku ya mwisho kazini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua kwamba mwajiri anaweza kulazimika kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuchumi, za kiteknolojia au za kimuundo. Hata hivyo, kifungu cha 38 hakimruhusu kufanya hivyo kwa barua ya ghafla. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio lake mara tu anapoanza kulifikiria, kutoa maelezo muhimu kuhusu sababu zake, na kushauriana na chama cha wafanyakazi au, pale ambapo hakuna chama, na wafanyakazi wenyewe. Mashauriano hayo yanapaswa kugusa njia za kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka, vigezo vya kuwachagua, muda wa utekelezaji na malipo ya kiinua mgongo.

Baada ya hapo huja stahiki. Kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, notisi haipungui siku 28, au malipo badala yake. Aliyetimiza angalau miezi 12 ya utumishi mfululizo anastahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, hadi kufikia ukomo wa miaka 10. Tuchukue mfano wa mtunza ghala mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 780,000 kwa mwezi, anayefanya kazi siku 6 kwa wiki na aliyetumikia miaka 6. Mshahara wake wa siku ni takribani shilingi 30,000. Siku 7 ni shilingi 210,000. Kwa miaka 6 anapata shilingi 1,260,000. Kiasi hicho ni mbali na mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hakuichukua na, kwa aliyeajiriwa mbali na kituo chake cha kazi, gharama za kurudishwa mahali alipoajiriwa.

Kuna jambo ambalo wafanyakazi wengi wa miradi hulichanganya. Mkataba wa muda maalumu unapofika tamati siku iliyoandikwa ndani yake, kwa kawaida huko si kupunguzwa kazi, na kiinua mgongo cha kisheria hakitolewi isipokuwa mkataba wenyewe ulisema hivyo. Lakini mkataba huohuo ukivunjwa kabla ya tarehe yake, mwajiri anapaswa kuwa na sababu halali na kufuata utaratibu. Kwa hiyo, jambo la kwanza la kufanya baada ya kupokea barua ni kuutoa mkataba kabatini na kulinganisha tarehe zake na tarehe za barua.

Anayeona kwamba ameachishwa isivyo halali ana siku 30 tu, kuanzia siku ya kuachishwa, kuwasilisha mgogoro wake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine, kama vile mishahara ambayo haikulipwa, yana siku 60. Huduma ya Tume haitozwi ada, na mlalamikaji halazimiki kuwa na wakili; anachohitaji ni kujaza fomu ya Tume, kumpatia mwajiri nakala na kuhifadhi uthibitisho wa kumfikishia. Anayechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini atatakiwa kueleza sababu za msingi za kuchelewa, na kutojua sheria ni sababu dhaifu. Ndiyo maana kusubiri ahadi za mdomo kwamba fedha zinakuja ni hatari: chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Ieleweke pia kwamba si kila mwajiri anaangukia katika utaratibu huu. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yana kinga ya kisheria na kanuni zake za ndani za kusikiliza malalamiko ya watumishi. Watumishi wa umma nao wana sheria yao. Mfanyakazi aliyeajiriwa na asasi inayotekeleza mradi kwa niaba ya shirika la Umoja wa Mataifa anapaswa kutazama jina la aliyesaini mkataba wake, maana huyo ndiye mwajiri kisheria, hata kama nembo iliyo kwenye fulana ya kazi ni ya mwingine.

Fao la kukosa ajira

Mlango wa pili ni Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Kufuatia mageuzi ya sekta ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018, mwanachama aliyepoteza ajira anaweza kulipwa fao la kukosa ajira, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa kipindi kisichozidi miezi 6. Masharti ya msingi ni kwamba awe amechangia kwa angalau miezi 18, asiwe amefikia umri wa kustaafu, asiwe na ajira nyingine na asiwe ameacha kazi kwa hiari yake. Mtunza ghala wa mfano wetu angepata takribani shilingi 260,000 kwa mwezi. Fedha hizo haziwezi kuendesha maisha ya zamani, lakini zinatosha kununua muda: muda wa kusoma, kufanya usaili na kutolazimika kuuza vifaa vya nyumbani katika mwezi wa pili.

Sharti la kutoacha kazi kwa hiari lina uzito kuliko linavyoonekana. Hutokea mfanyakazi akashauriwa aandike barua ya kujiuzulu ili mambo yaishe kwa heshima. Akishaiandika, nyaraka zake zinasema kwamba aliondoka mwenyewe. Fao la kukosa ajira linaweza kupotea hapo hapo, na madai ya kuachishwa isivyo halali yanadhoofika. Anayepunguzwa kazi apewe barua inayosema kwamba amepunguzwa kazi, na sababu iandikwe.

Vilevile, mfanyakazi aombe taarifa ya michango yake NSSF mapema, ikiwezekana akiwa bado kazini. Pengo la miezi ambayo mwajiri alikata mshahara lakini hakupeleka michango ni rahisi kufuatiliwa wakati ofisi ya mwajiri ingali wazi. Mradi ukishafungwa na wahasibu wakiwa wameondoka, ufuatiliaji huwa mgumu. Kwa anayeamua kujiajiri, uanachama hauna sababu ya kufa: NSSF inao mpango wa sekta isiyo rasmi uitwao Hifadhi Skimu, unaomwezesha mvuvi, mkulima au mfanyabiashara kuchangia mwenyewe. Pensheni ya uzeeni inahitaji michango ya angalau miezi 180, hivyo miaka iliyokwisha kuchangiwa ni akiba inayostahili kuendelezwa.

Nyaraka ndizo zinazofungua milango mingine

Katika mkoa wa mpakani kama Kigoma, utafutaji wa kazi mara nyingi hukwama katika hatua ya utambulisho, kabla hata ya usaili. Namba ya Utambulisho wa Taifa inayotolewa na NIDA inahitajika ili kufungua akaunti katika mfumo wa ajira serikalini, kusajili laini ya simu, kupata namba ya mlipakodi na kuomba mkopo. Uhakiki wa uraia hufanyika kwa umakini zaidi katika mikoa inayopakana na nchi jirani, jambo linaloweza kurefusha muda wa maombi. Ambaye bado hana namba hiyo asisubiri tangazo la kazi litoke. Tangazo likitoka na siku 14 za kuomba, muda hautamtosha.

Cheti cha kuzaliwa ni nyaraka ya pili. Wengi waliozaliwa vijijini hawakuwahi kukipata, na ofisi ya Mkuu wa Wilaya ndiyo yenye dawati la usajili kwa niaba ya RITA. Ya tatu ni vyeti vya shule na vyuo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma husisitiza kwamba hati za matokeo, matokeo ya muda na barua za shule hazikubaliwi badala ya cheti chenyewe. Majina yanayotofautiana kati ya cheti kimoja na kingine, kwa mfano jina la ukoo lililoandikwa kwa tahajia mbili, yanahitaji kurekebishwa kisheria kabla ya kuomba.

Nyaraka ya nne ni ile inayosahaulika zaidi: cheti cha utumishi. Sheria inamtaka mwajiri ampatie kila anayeondoka cheti hicho kinachoonyesha kazi aliyofanya na kipindi alichotumikia. Shirika la kigeni likifunga ofisi yake nchini, hakuna dawati la kurudi kuomba uthibitisho miaka mitatu baadaye. Mfanyakazi aondoke akiwa na cheti cha utumishi, maelezo ya majukumu yake na anuani za kudumu za wasimamizi watatu walio tayari kumdhamini.

Mahali pa kutafuta kazi

Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, ndio chombo cha Serikali kilichopewa jukumu la kuwaunganisha watafuta kazi na waajiri. Huduma zake ni pamoja na kumsajili mtafuta kazi katika mfumo wa intaneti, ushauri wa kazi, mafunzo ya kuandaa wasifu na kujieleza katika usaili, na kuwapelekea waajiri majina ya wenye sifa. Mtafuta kazi halipii huduma hiyo. Kwa aliyepo Kakonko au Uvinza, usajili wa mtandaoni ndio unaopunguza umbali, mradi taarifa zake ziwe kamili na namba ya simu aliyoiandika iwe bado inapatikana.

Kwa nafasi za Serikali, mlango ni Sekretarieti ya Ajira kupitia mfumo wa Ajira Portal. Matangazo mengi huweka ukomo wa umri wa miaka 45 kwa wasiokuwa kazini serikalini, hivyo mwenye miaka 42 anayetaka kuhama kutoka sekta ya misaada hana muda mrefu wa kuahirisha. Akaunti ya mfumo huo inapaswa kujazwa mapema na kuhuishwa. Kosa la kawaida ni kuifungua usiku wa mwisho wa maombi, wakati mtandao umelemewa na vyeti havijathibitishwa na wakili.

Mlango wa tatu hauna mfumo wa kompyuta. Wakandarasi wa barabara, reli na majengo huajiri sehemu ya vibarua na mafundi kwa kupitia ofisi za vijiji, mitaa na kata, ambako matangazo hubandikwa ubaoni. Mtendaji wa kata na Afisa Maendeleo ya Jamii ni watu wa kufahamiana nao. Ofisi ya Kazi ya mkoa nayo hutoa ufafanuzi wa haki za mfanyakazi na hupokea taarifa za waajiri wasiotoa mikataba ya maandishi.

Pamoja na milango hiyo kuna mtego. Taarifa za watu kupunguzwa kazi huwavuta matapeli. Ujumbe unaoahidi nafasi katika mradi mkubwa na kudai fedha za fomu, za vipimo vya afya au za kumwona mhusika si tangazo la kazi. Sekretarieti ya Ajira haiuzi nafasi, TaESA haitozi usajili, na mwajiri wa kweli hamtumii mwombaji namba binafsi ya simu ili alipie usaili.

Kutafsiri ujuzi wa kambini kuwa ujuzi wa soko

Ugumu wa kubadili kazi haumaanishi kwamba mtu hana ujuzi. Mara nyingi ujuzi wake umeandikwa kwa lugha ya sekta moja tu. Msambazaji wa mgawo wa chakula anayeeleza katika wasifu wake kwamba alihudumia wanufaika kwa mujibu wa mwongozo wa mradi haeleweki kwa meneja wa karakana. Akiandika kwamba alipokea, alihesabu, alihifadhi na kutoa mizigo ya tani kadhaa kila mwezi na kuwasilisha ripoti bila upungufu wa bidhaa, ameeleza kazi ya mtunza ghala ambayo kila mkandarasi anaihitaji.

Mifano mingine ipo. Fundi aliyetunza visima na mabomba ya kambini ana ujuzi unaohitajika katika miradi ya maji vijijini na mijini. Mkalimani wa Kirundi na Kifaransa anaweza kufaa katika biashara ya bandari, kwa kuwa Bandari ya Kigoma inahudumia mizigo ya Bujumbura na Kalemie. Akiongeza mafunzo ya uwakala wa forodha, ambayo cheti chake cha Afrika Mashariki hutolewa na Chuo cha Kodi, anakuwa na taaluma mpya iliyojengwa juu ya lugha aliyokuwa nayo. Muuguzi anapaswa kuhakikisha kwamba leseni yake ya taaluma haikwishi muda akiwa nyumbani, maana bila leseni hawezi kuajiriwa hata kwa mkataba wa muda.

Kwa mafundi waliojifunza kazi kwa vitendo, kuna mpango wa urasimishaji wa ujuzi unaotekelezwa kwa ushirikiano wa Ofisi ya Waziri Mkuu na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA. Mwashi, seremala, fundi magari, fundi umeme au mpishi mwenye uzoefu hupimwa, hufundishwa pale penye upungufu na hutunukiwa cheti bila kuanza masomo upya. Chuo cha VETA Kigoma ndicho mahali pa kuulizia. Kwa wanaotazama ziwa, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, una kampasi mkoani Kigoma. Miezi 6 ya fao la NSSF inalingana vizuri na kozi fupi. Anayeitumia kusoma huwa amegeuza fao hilo kuwa mtaji.

Kazi zinakoelekea

Kigoma si mgeni wa mabadiliko ya aina hii. Kabla ya reli, Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka pwani, na maelfu ya wapagazi waliishi kwa kubeba mizigo. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, kazi ya upagazi ilikwisha, na shughuli za bandari zikahamia katika ghuba ya Kigoma. Baadaye vijana wengi wa mkoa huu walisafiri hadi mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro wakiitwa manamba, kwa sababu kazi ya ujira ilikuwa mbali na nyumbani. Tofauti ya leo ni kwamba sehemu ya kazi mpya inakuja mkoani kwenyewe.

Mkataba wa ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma, yenye urefu wa kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Agosti 2025 lilizinduliwa rasmi jiwe la msingi la reli kutoka Uvinza kwenda Musongati, nchini Burundi. Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, yenye zaidi ya kilomita 260, imepita katika wilaya zilezile zilizokuwa na kambi. Kuna ukarabati wa meli ya MV Liemba, iliyoanza kuelea katika ziwa hili mwaka 1915, na mradi wa karakana ya meli katika eneo la Katabe. Katika kilimo, kampeni ya kufufua zao la michikichi, iliyoanza kupewa msukumo mwaka 2018, imekipa kituo cha utafiti cha TARI Kihinga jukumu la kuzalisha mbegu bora, na kila miche inapoongezeka huongezeka pia mahitaji ya vitalu, usafiri na ukamuaji wa mafuta.

Tahadhari inahitajika hata hapa. Ajira za ujenzi ni za muda, na mtu aliyetoka katika mradi mmoja anaweza kujikuta anapokea barua ileile ya kusitishiwa baada ya miaka mitatu. Mwenye busara huitumia ajira ya ujenzi kupata cheti, akiba na uhusiano wa kikazi utakaomwezesha kubaki katika uendeshaji wa reli, bandari au umeme ujenzi utakapokwisha.

Kujiajiri kwa macho yaliyo wazi

Si kila aliyepunguzwa kazi ataajiriwa tena, na wengi watatumia kiinua mgongo kuanzisha biashara. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha kasoro za utoaji na urejeshaji, ikarejea mwaka 2024 kwa kanuni mpya. Manispaa ya Kigoma Ujiji ilikuwa miongoni mwa halmashauri 10 zilizochaguliwa kujaribu utaratibu wa kutoa mikopo hiyo kupitia benki. Waombaji hujiunga katika kikundi, hivyo wafanyakazi watano waliotoka ofisi moja na wanaoaminiana wana mwanzo mzuri kuliko wageni waliokutanishwa na fomu.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 nayo inazitaka taasisi nunuzi kutenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi kilichosajiliwa katika mfumo wa ununuzi wa NeST kinaweza kuomba zabuni za usafi, chakula, ushonaji wa sare au ukarabati mdogo. Waliowahi kuandaa nyaraka za manunuzi katika mashirika wanao ujuzi ambao vikundi vingi havina.

Wanaofikiria kuwekeza fedha zao zote katika mtumbwi na nyavu wazingatie kalenda. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki na dagaa wazaliane, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa. Biashara ya Kibirizi au Katonga isiyopanga jinsi ya kuvuka miezi ya kupumzisha ziwa inaweza kumrudisha mtu pale alipoanzia.

Pengo linalohitaji kuzibwa

Uchambuzi huu unaonyesha kwamba tatizo kubwa si kukosekana kwa sheria au taasisi. Ni kwamba mfanyakazi wa Kibondo anatakiwa kuzunguka mwenyewe katika ofisi zisizopungua nne, katika mwezi ambao mshahara wake umekatika, akikimbizana na siku 30 za Tume, masharti ya NSSF na tarehe za matangazo ya kazi. Mwenye simu nzuri, vyeti kamili na nauli ya kwenda Kigoma mjini huvuka. Mlinzi, mpishi na mfanya usafi, ambao huwa na akiba ndogo zaidi, ndio hubaki nyuma.

Dawa ya pengo hilo imo ndani ya sheria yenyewe. Mashauriano ya kifungu cha 38 hufanyika kabla ya watu kuondoka, wakati orodha ya wafanyakazi ipo, ofisi ipo na mwajiri bado ana fedha. Tarehe ya kufungwa kwa mradi kwa kawaida hujulikana miezi kadhaa mapema. Huo ndio wakati wa mwajiri kuwaalika maafisa wa NSSF, Ofisi ya Kazi, TaESA na VETA wakutane na wafanyakazi mahali pao pa kazi kwa siku moja: michango ihakikiwe, vyeti vya utumishi vitolewe, usajili wa watafuta kazi ufanyike na wanaohitaji urasimishaji wa ujuzi waorodheshwe. Hatua hiyo haihitaji sheria mpya. Inahitaji barua ya mwaliko na wafanyakazi wanaojua kuidai wakati wa mashauriano.

Kwa mwananchi ambaye tayari ana barua mkononi, mpangilio ni huu. Katika wiki ya kwanza, asome mkataba, asisaini barua ya kujiuzulu, achukue cheti cha utumishi na majina ya wadhamini. Kabla ya siku ya 30, awe ameamua kama ana mgogoro wa kupeleka mbele ya Tume, na awe amewasilisha madai yake NSSF. Katika mwezi wa pili, awe amekamilisha NIDA na cheti cha kuzaliwa, amejisajili TaESA na kujaza Ajira Portal. Kuanzia mwezi wa tatu, awe darasani, karakanani au katika kikundi, huku fao likiendelea kulipwa.

Wapagazi wa Ujiji hawakuwa na siku 30 wala fao la kukosa ajira pale treni ilipopiga honi. Mfanyakazi wa leo anavyo vyote viwili, lakini vina tarehe za mwisho, na hesabu ya tarehe hizo huanza siku anapoachishwa kazi.